Wilaya ya Tharparkar: Angalia Taluka Kabla ya Kujaza Fomu

Katika miezi ya karibuni dawati letu la kumbukumbu za familia limepokea malalamiko mengi kutoka Mombasa, Zanzibar, Dar es Salaam na Muscat, kwa watu ambao koo zao zina asili ya Sindh, jimbo la Pakistan, na Kutch, iliyo India. Lalamiko ni lile lile. Mtu ameandika barua Mithi, makao makuu ya wilaya ya Tharparkar nchini Pakistan, akiomba kumbukumbu za babu yake, akajibiwa kuwa jina halipo au asijibiwe kabisa. Wengi wanaamua hapo hapo kwamba wamepuuzwa, au kwamba karani anataka chochote. Mara nyingi sababu ni nyepesi kuliko hiyo: barua imepelekwa wilaya isiyohusika.

Jina Tharparkar limebeba maeneo tofauti kwa nyakati tofauti. Waingereza walipoitwaa Sindh mwaka 1843, sehemu ya jangwa ilisimamiwa kwa muda kutoka Kutch, ng'ambo ya uwanda wa chumvi wa Rann. Mwaka 1882 ikawa wilaya ya Thar na Parkar. Makao yake yalikuwa Umerkot, na mwaka 1906 yakahamia Mirpur Khas, kwa kuwa mfereji wa Jamrao, uliofunguliwa mwishoni mwa mwaka 1899, ulikuwa umeugeuza upande huo kuwa mashamba ya umwagiliaji na walowezi wengi walikuwa wakija kutoka Punjab. Baada ya hapo wilaya ikaanza kumegwa. Sanghar ilijitenga mwaka 1953. Mwaka 1990 Mirpur Khas ikawa wilaya peke yake, na mwaka 1993 Umerkot nayo ikatolewa, ikavunjwa kwa muda na kurejeshwa baadaye. Kilichobaki na jina la zamani ni jangwa na vilima vya kusini-mashariki tu.

Kwa hiyo karatasi ya mwaka 1935 inayosema Thar na Parkar inaweza kuwa ya wilaya yoyote kati ya nne za leo. Nakala moja iliyofika mezani kwetu inaonyesha jambo hili vizuri. Ni hati iliyokunjwa hadi mikunjo ikatoboka, wino wake umepauka. Upande wa mbele kuna jina la wilaya ya zamani na, chini yake, neno moja ambalo familia haikulitilia maanani: Jamesabad. Nyuma kuna mistari ya mwandiko wa wafanyabiashara, ule unaoacha irabu nyingi, hivyo jina moja linaweza kusomwa kwa namna tatu. Familia iliandika Mithi mara kadhaa. Lakini Jamesabad ndiyo Kot Ghulam Muhammad ya leo, na ipo wilaya ya Mirpur Khas. Mithi haikuwa na cha kujibu. Hali ni hiyo hiyo kwa Digri, iliyo Mirpur Khas; Samaro na Kunri, zilizo Umerkot; Khipro na Sinjhoro, zilizo Sanghar. Taluka, yaani sehemu ya wilaya, ndiyo inayokuambia pa kwenda.

Tharparkar ya sasa ina taluka saba: Mithi, Diplo, Islamkot, Nagarparkar, Chachro, Dahli na Kaloi. Eneo lake ni takriban kilomita za mraba 19,600, kubwa kuliko mkoa mzima wa Kilimanjaro, na sensa ya mwaka 2023 iliwakuta watu karibu milioni 1.78. Walio mjini hawafiki mmoja kati ya kumi. Wengine wametawanyika katika vijiji vilivyo mabondeni, kati ya matuta ya mchanga ambayo wenyeji huyaita bhit, wakiishi katika chaunra, nyumba za duara za udongo zilizoezekwa nyasi. Maji ni ya visima virefu, na mengi yana chumvi. Mvua ikinyesha kati ya Juni na Septemba watu hulima mawele, choroko, guar (jamii ya kunde) na ufuta. Isiponyesha, familia huondoka na mifugo yao kufuata maeneo ya mifereji, kisha hurudi. Tunasisitiza jambo hili kwa sababu kumbukumbu ya ndoa au kuzaliwa inaweza kuwa imeandikwa kule familia ilikokuwa mwaka wa ukame, wala si kijijini kwao. Kusini kabisa, Nagarparkar, mchanga unapisha vilima vya matale mekundu vya Karoonjhar, na baada yake ni Rann na mpaka wa India.

Hapa inatubidi tuwe wazi, maana tumeshalirudia sana: Kutch haiko Tharparkar. Kutch ni wilaya ya jimbo la Gujarat, India. Allidina Visram, ambaye historia ya biashara ya Afrika Mashariki inamfahamu vizuri, alizaliwa Kutch, na kumbukumbu za koo za namna hiyo zitafutwe Bhuj, makao makuu ya Kutch. Lugha ya Kikutchi inakaribiana sana na Kisindhi na ukoo mmoja unaweza kuwa na ndugu pande zote mbili za Rann, lakini karani wa Mithi hana mamlaka juu ya daftari la India. Kumwandikia barua kali hakumpi mamlaka hayo.

Kosa jingine ni kudhani kwamba jina la Kihindu haliwezi kuwa la Pakistan. Katika sensa ya mwaka 2017, Waislamu wa Tharparkar walikuwa zaidi kidogo ya nusu, na Wahindu walizidi asilimia 40. Miongoni mwa Wahindu hao zipo jamii za Wameghwar, Wakolhi, Wabheel, Walohana na Wasodha. Mwaka 2018 Krishna Kumari Kohli, mwanamke wa Kikolhi kutoka Nagarparkar, aliingia Seneti ya Pakistan, na mwaka huo huo Mahesh Kumar Malani alichaguliwa mbunge wa kiti cha kawaida, si kile kilichotengwa kwa dini za wachache, kutoka wilaya hii hii. Karibu watu wote wa wilaya huandikwa kuwa wasemaji wa Kisindhi, ingawa nyumbani wengi husema Dhatki au Kiparkari. Tunawaomba wasomaji wasijaze "India" kwenye sehemu ya mahali pa kuzaliwa kwa kuangalia dini ya marehemu.

Wenye asili ya Chachro na Nagarparkar wana suala lao. Desemba 1971, katika vita vya India na Pakistan, jeshi la India liliishika sehemu kubwa ya taluka hizo, na eneo likarejeshwa baada ya Mkataba wa Simla wa mwaka 1972. Familia nyingi za Kihindu zilivuka kwenda Rajasthan na Gujarat, India, na hazikurudi. Kama ukoo wako ni miongoni mwao, sema hivyo katika mstari wa kwanza wa ombi lako, ili utafutaji ufanywe pande zote mbili tangu mwanzo.

Sasa ofisi zenyewe. Tharparkar, Umerkot na Mirpur Khas ndizo zinazounda Divisheni ya Mirpur Khas, ngazi iliyo juu ya wilaya, chini ya kamishna. Wilaya inaongozwa na naibu kamishna. Taluka ina kamishna msaidizi, na masuala ya ardhi yako kwa mukhtiarkar, ofisa wa ardhi wa taluka. Chini ya taluka kuna tapo, anayoisimamia tapedar, na chini yake kuna deh, kipande kidogo kabisa katika daftari la ardhi. Deh si kijiji. Deh moja inaweza kuwa na vijiji vingi, na kijiji kinaweza kuitwa kwa jina la mzee wake wa wakati ule. Ombi lenye jina la kijiji bila deh na tapo humlazimu karani kukisia, na karani mwangalifu hakisii. Kumbukumbu ya haki za ardhi iko katika Fomu ya VII. Kubadilisha jina la marehemu kuwa la warithi huitwa foti khata badal, na huanzia kwa mukhtiarkar.

Kabla ya kuomba, fahamu pia kwamba sehemu kubwa ya ardhi ya jangwani ni mali ya serikali. Watu huilima kwa ruhusa ya mwaka mmoja mmoja, iitwayo yaksala, na malisho ya pamoja huitwa gauchar. Babu anaweza kuwa alilima konde lile lile maisha yake yote na bado jina lake lisiwemo katika Fomu ya VII. Hilo pekee si ushahidi kwamba kuna mtu amelifuta. Tangu makaa ya mawe yalipogunduliwa karibu na Islamkot mwanzoni mwa miaka ya 1990, na hasa umeme wake ulipoanza kuzalishwa mwaka 2019, maswali ya fidia ya ardhi yameongezeka, na wameongezeka pia madalali wanaoahidi "hati ya zamani" kwa malipo.

Msikubali. Kanuni ya Adhabu ya Pakistan, kifungu cha 467, inatoa kifungo cha maisha au hadi miaka 10, pamoja na faini, kwa kughushi wosia au hati yenye thamani. Kughushi kwa nia ya kulaghai, kifungu cha 468, ni hadi miaka 7. Na kifungu cha 471 kinamwadhibu anayetumia hati ya kughushi huku akijua, au akiwa na sababu ya kuamini, kwamba ni ya kughushi, sawasawa na aliyeighushi.

Anayemtuma wakili au ndugu amwakilishe asaini hati ya uwakilishi mbele ya ubalozi wa Pakistan, Nairobi au Dar es Salaam. Ikifika Pakistan, ushuru wa stempu ulipwe ndani ya miezi mitatu kwa mujibu wa Sheria ya Stempu ya mwaka 1899. Bila stempu haipokelewi kama ushahidi mpaka ulipwe upungufu na faini, inayoweza kufika mara kumi ya upungufu huo. Warithi wasio na mgogoro wanaweza kutumia sheria ya Sindh ya mwaka 2021 kuhusu vyeti vya urithi, kupitia mamlaka ya vitambulisho, NADRA, ambako tangazo hutolewa gazetini na wenye pingamizi hupewa siku 14. Penye mgogoro, shauri ni la mahakama, na ofisi yetu haitoi ushauri wa kisheria.

Mnapotuletea maombi, leteni nakala ya pande zote mbili za karatasi, hata upande mnaouona mtupu. Hati halisi ibaki nyumbani.