Bunge la Churchill: yanayosemwa na yaliyokuwa

Vita vikizuka mahali popote, hakosekani wa kusema kwamba Bunge ni anasa ya wakati wa amani, na ushahidi anaoukimbilia ni Uingereza ya 1940: Waziri Mkuu Churchill, hotuba, ushindi. Kumbukumbu za Baraza la Makabwela (House of Commons, baraza la wabunge waliochaguliwa) kati ya 1939 na 1945 zinasema vingine, na si zote zinawasifu wabunge.

"Bunge lilifungwa mpaka vita viishe"

Halikufungwa. Kilichobadilika ni saa na mahali. Kabla ya vita kikao kilianza alasiri na kuendelea hadi usiku. Ndege za Ujerumani zilipoanza kuja usiku baada ya usiku, kuanzia majira ya vuli ya 1940 kikao kilifunguliwa saa tano asubuhi na kuahirishwa mnamo saa kumi jioni, ili wabunge wafike majumbani kabla ya giza. Ratiba ya vikao ikawa siri. Tarehe 17 Septemba 1940 Churchill aliwaeleza wabunge sababu: adui akijua siku na saa ambayo mawaziri na mamia ya wabunge watakuwa chini ya paa moja, bomu moja latosha. Magazeti yaliandika kilichosemwa jana, hayakuandika kikao kijacho ni lini.

Novemba 1940 wabunge walihamia kwa mara ya kwanza Church House, jengo jipya la Kanisa la Anglikana lililo jirani, imara kuliko jumba lao la kale. Usiku wa tarehe 10 kuamkia 11 Mei 1941 mabomu ya moto yaliliangukia jumba hilo la kale, na zimamoto wakalazimika kuchagua: kuokoa paa la mbao la Westminster Hall, ukumbi wa kale wa jumba hilo, la karne ya 14, au ukumbi wa wabunge. Waliokoa paa. Ukumbi uliteketea wote. Tarehe 13 Mei kikao kilifanyika Church House, na mwezi uliofuata Makabwela wakachukua ukumbi wa Malodi (baraza la pili, House of Lords), Malodi wakajibana katika chumba ambacho Mfalme huvalia joho lake. Ukumbi mpya ulifunguliwa Oktoba 1950, ukiwa na viti 427 tu kwa wabunge zaidi ya 600. Si kwamba nafasi ilikosekana. Churchill alisimama Oktoba 1943 kutetea ukumbi mdogo, kwa hoja kwamba mjadala katika ukumbi mkubwa wenye viti vitupu hufa.

"Lilikuwa muhuri wa mpira"

Yaani liligonga muhuri tu kwa kila kilicholetwa na serikali. Wanaosema hivi hutaja tarehe mbili. Tarehe 24 Agosti 1939 Bunge lilipitisha Sheria ya Mamlaka ya Dharura, iliyoiruhusu serikali kutunga kanuni za ulinzi bila kuleta muswada. Tarehe 22 Mei 1940 iliongezewa makali, watu na mali zao wakawekwa chini ya amri ya serikali, na muswada huo ulipita hatua zote katika mabaraza yote mawili na kusainiwa siku hiyo hiyo.

Ni kweli. Ila ukizisoma zile sheria utakuta kufuli zilizowekwa ndani. Ile ya 1939 iliishi mwaka mmoja tu, na kuihuisha kulihitaji ombi la kila baraza. Kila kanuni ilipaswa kuwekwa mezani, na katika siku 28 za vikao zilizofuata mbunge yeyote aliweza kuleta hoja ya kuifuta. Kufuli hiyo ilifanya kazi mapema: tarehe 31 Oktoba 1939 Dingle Foot wa chama cha Liberal alileta hoja dhidi ya fungu zima la kanuni, ikiwemo ya 18B iliyomruhusu Waziri wa Mambo ya Ndani kumweka mtu kizuizini bila kesi. Serikali ilihesabu vichwa, ikaona huenda ikashindwa, ikakubali kuziandika upya. Toleo jipya lilitoka Novemba.

Hata hivyo 18B haikuondoka. Mei 1940 ilimkamata hata mbunge, Archibald Ramsay, aliyekaa kizuizini hadi Septemba 1944 huku kiti chake kikiendelea kuwa chake. Kamati ya Haki za Bunge ilichunguza ikaona kinga ya ubunge haikuvunjwa. Hapo ndipo mtu aweza kulilaumu Bunge kwa haki.

Udhaifu mkubwa zaidi ulikuwa wa kiofisi. Kanuni zilitoka kwa wingi kuliko macho ya kuzisoma. Hoja ya kufuta yafaa kitu ikiwa kuna aliyeiona kanuni kabla siku 28 hazijakwisha, na nyingi hazikuonwa na mtu. Mwaka 1944 ilibainika kwamba kanuni za Kikosi cha Taifa cha Zimamoto, zilizotumika tangu 1941, hazikuwahi kuwekwa mezani kabisa. Ilibidi itungwe sheria ya kumkinga waziri. Mwaka huo huo ndipo Makabwela walipounda kamati maalumu ya kupitia kanuni moja baada ya nyingine. Miaka mitano imechelewa.

"Fedha za vita zilitolewa bila kuulizwa"

Kuulizwa kulikuwapo, ila si kifungu kwa kifungu. Kwa kawaida kila wizara huleta makadirio yenye mafungu, na idadi ya mizinga ukiichapisha umempa adui hesabu yako. Kwa hiyo wizara za vita zilileta takwimu za jina tu, na fedha halisi zikaombwa kwa mkupuo mmoja. Wa kwanza, wa pauni milioni 500, uliidhinishwa Septemba 1939. Badala ya mjadala wa mafungu kulikuwa na Kamati ya Matumizi ya Taifa, iliyokagua viwanda na viwanja vya kijeshi. Ripoti ikigusa siri, ilipelekwa kwa Waziri Mkuu bila kuchapishwa. Kamati haikuweza kumlazimisha waziri lolote, lakini waziri aliyejua kwamba wabunge wameingia kiwandani hakujibu maswali kizembe.

"Vikao vya siri vilikuwa mahali pa kupanga vita"

Hakuna mpango wa vita uliotungwa humo. Utaratibu wenyewe ulikuwa mfupi. Mbunge alisimama na kumwambia Spika, "Naona wageni." Spika aliuliza Bunge kama wageni waondoke, bila mjadala. Likikubali, roshani iliondolewa watu, waandishi wa habari na hata waandishi wa Hansard, kumbukumbu rasmi za Bunge. Kumbukumbu za siku hiyo zilibaki na taarifa fupi ya Spika tu. Kutoboa yaliyosemwa kulikuwa kuvunja haki za Bunge na pia kosa la jinai. Kikao cha siri cha kwanza kilikuwa tarehe 13 Desemba 1939.

Huko mawaziri walikiri mabaya ambayo hadharani yangevunja watu moyo: meli zilizozama Atlantiki, kuanguka kwa Singapore. Wakosoaji nao walipata nafasi ya kusema bila kusikika Berlin. Hasara ilikuwa kwamba aliyesema kweli ndani hakuweza kuirudia kwa wapiga kura wake, na waziri aliyebanwa aliweza kuomba siri ili asibanwe hadharani. Wabunge kadhaa walilalamika kwamba hawakuambiwa humo zaidi ya yaliyokuwa magazetini. Mwiko wa kutoboa yaliyosemwa uliondolewa Desemba 1945.

"Hapakuwa na upinzani"

Tangu Mei 1940 vyama vyote vitatu vikubwa vilikuwa serikalini, na hapo ikazuka kadhia ya ajabu kidogo. Kanuni za Bunge hudhani kuna mtu mbele ya serikali wa kuuliza ratiba ya wiki ijayo na kujibu hotuba za mawaziri. Chama cha Labour kikateua mbunge asiye waziri aketi upande wa pili kufanya kazi hiyo, huku viongozi wa chama chake wakiwa mawaziri: kwanza Hastings Lees-Smith, kisha Pethick-Lawrence, kisha Arthur Greenwood. Upinzani wa kweli ulitoka viti vya nyuma, kwa wabunge wasio mawaziri kama Aneurin Bevan wa Labour, na kupitia kipindi cha maswali, kilichoendelea muda wote wa vita.

"Churchill hakutikisika"

Kumbuka jinsi alivyoingia. Mjadala wa tarehe 7 na 8 Mei 1940 kuhusu vita vya Norway ulihusu hoja ya kuahirisha Bunge, si hoja ya kutokuwa na imani. Serikali ya Chamberlain, Waziri Mkuu aliyemtangulia Churchill, ilishinda kwa kura 281 dhidi ya 200. Lakini wingi wake wa kawaida ulizidi 200, na sasa ulikuwa 81. Zaidi ya 30 wa upande wake walipiga kura na wapinzani, wengine wakakaa kimya. Siku mbili baadaye Chamberlain hakuwa Waziri Mkuu tena.

Churchill mwenyewe aliomba kura ya imani Januari 1942 akapata 464 kwa 1. Huyo mmoja ni James Maxton, na wenzake wawili walikuwa wahesabu kura, ambao hawahesabiwi. Julai 1942, baada ya Tobruk, bandari ya Libya, kuanguka, ilikuja hoja kamili ya kutokuwa na imani. Mleta hoja, John Wardlaw-Milne, mwenyekiti wa ile kamati ya matumizi, alianza vizuri, kisha akapendekeza Duke wa Gloucester, ndugu wa Mfalme, awe amiri jeshi mkuu, na ukumbi ukaangua kicheko. Aliyemuunga mkono, Roger Keyes, alidai Churchill haingilii majeshi vya kutosha, ilhali Wardlaw-Milne alikuwa ametoka kudai anaingilia mno. Hoja ya namna hiyo haiwezi kusimama. Ilianguka 475 kwa 25.

Pigo lililofanikiwa lilikuja kwa jambo lisilo la vita. Tarehe 28 Machi 1944, katika Muswada wa Elimu, Thelma Cazalet-Keir alileta marekebisho ya mishahara sawa kwa walimu wanawake na wanaume. Serikali ilishindwa kwa 117 dhidi ya 116. Churchill aliligeuza suala la imani kwake, na tarehe 30 Machi wabunge hao hao walifuta uamuzi wao kwa 425 dhidi ya 23.

"Watu walimsikia redioni akihutubia Bunge"

Hawakumsikia. Hotuba ya Churchill ya 4 Juni 1940 kuhusu kupigana fukweni ilisomwa kwa vipande na mtangazaji wa BBC. Sauti yake tunayoisikia leo aliirekodi 1949. Januari 1942 aliomba hotuba yake irekodiwe Bungeni. Wabunge walikataa, akaliondoa ombi.

"Uchaguzi ulifutwa kwa amri"

Bunge lililochaguliwa Novemba 1935 lingekoma mwishoni mwa 1940. Lilijiongezea muda kwa sheria mpya, mwaka mmoja mmoja, mara tano, na Malodi walikuwa na uwezo wa kukataa. Chaguzi ndogo ziliendelea. Vyama vikubwa viliafikiana kuachiana viti, lakini mapatano hayakumfunga mgombea binafsi: 1942 serikali ilipoteza Grantham, Rugby, Wallasey na Maldon kwa watu wasio na chama kikubwa nyuma yao. Wananchi walipopiga kura Julai 1945, Labour ilipata viti 393.

"Mambo yasiyo ya vita yaliwekwa kando"

Muda wa miswada binafsi ya wabunge ulichukuliwa wote na serikali, hilo ni kweli. Lakini tarehe 21 Mei 1940, Wajerumani wakiwa wameshafika pwani ya Ufaransa, Makabwela walikuwa wakijadili muswada wa maendeleo na ustawi wa makoloni: hadi pauni milioni 5 kwa mwaka kwa miaka 10, na 500,000 za utafiti. Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar zilikuwamo. Ukawa sheria Julai.

Kwa Kenya jambo jingine lilifika ukumbini. Mwaka 1942 serikali ya koloni iliruhusu Waafrika walazimishwe kufanya kazi katika mashamba ya walowezi, kwa jina la mahitaji ya vita. Arthur Creech Jones wa Labour alilifuatilia kwa maswali, na wizara ikajibu kwa kueleza masharti ya ukaguzi. Kulazimishwa kwenyewe hakukukoma. Waliopelekwa mashambani hawakuwa na mbunge wa kuwasemea huko. Aliyewaulizia alichaguliwa na watu wa Shipley, Yorkshire, na Oktoba 1946 akawa yeye Waziri wa Makoloni.