Umeongeza RAM, Kompyuta Haiwaki: Maelezo kwa Wateja Kabla ya Kufika Kaunta

Malalamiko kuhusu kompyuta zinazogoma kuwaka baada ya kuongezewa RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) yameongezeka, na kitengo chetu cha matengenezo kimeona vema kutoa maelezo haya. Hayachukui nafasi ya mwongozo wa mtengenezaji wa mashine yako. Yakipishana, mwongozo ndio wenye neno la mwisho.

Wateja wengi hufika kaunta na hukumu mkononi: "RAM mpya imeunguza mazabodi." Tunaiandika kama ilivyosemwa, maana fomu inataka hivyo. Kisha fundi anafungua kasha na kukuta kipande cha RAM kimezama upande mmoja, upande wa pili kimening'inia. RAM inaweza kweli kuharibu mazabodi, yaani bodi kuu ya kompyuta, hasa ikichomekwa umeme ukiwamo au ikilazimishwa kuingia pasipo pake, lakini hilo ni jambo la kufikiriwa mwisho. Mashine iliyokuwa nzima asubuhi na kugoma jioni baada ya kuguswa, kwa kawaida imegomea kile ilichoguswa.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kurudi nyuma. Umeme ukiwa umechomolewa kama tunavyoeleza hapa chini, toa RAM mpya, rudisha ya zamani katika sloti (nafasi ya kuchomekea) yake ileile, urudishe umeme, uwashe. Ikiwaka, mashine ni nzima na swali linabaki kwa kipande kipya au kwa kukutana kwake na cha zamani. Isipowaka, basi kuna kitu kingine kilichotikiswa mkono ulipokuwa ndani: waya wa umeme wa prosesa, kadi ya picha, au kebo ya diski. Jaribio hili halihitaji kifaa chochote, lakini ndilo wateja wanaloliruka, wakaenda kununua kipande cha tatu.

Kabla ya kugusa chochote, chomoa waya wa umeme. Kuzima kwa kitufe hakutoshi. Mazabodi ya kompyuta ya mezani huendelea kupata umeme wa kusubiri wa volti 5 maadamu waya umo ukutani. Ukishachomoa, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kama kumi ili mabaki yaishe. Kwa laptopu, betri nayo itenganishwe. Gusa chuma cha kasha ili umeme tuli wa mwilini utoke, kisha shika kipande kwa kingo zake, si kwenye pini.

Kuhusu kuchomeka: kipande cha kompyuta ya mezani husukumwa wima kwa nguvu sawa pande zote mbili mpaka vibano vijifunge vyenyewe kwa mlio. Zipo mazabodi zenye kibano upande mmoja tu, na hapo ndipo upande usio na kibano hubaki juu bila mtu kutambua. Kipande cha laptopu huingia kwa mshazari, kisha hulazwa chini mpaka kikamatwe. Ukiona mstari mrefu wa dhahabu bado uko nje, hakijaingia.

Sloti nazo zina mpangilio. Mazabodi nyingi zenye sloti nne hutaka vipande viwili vikae katika ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa, mara nyingi zikiwa na maandishi A2 na B2. Kuvipanga pamoja katika mbili za kwanza kwa sababu panaonekana nadhifu ni chanzo cha usumbufu usio na lazima.

Sasa aina, maana RAM ina vizazi: DDR3, DDR4 na DDR5. DDR3 ya mezani ina pini 240. DDR4 na DDR5 zote zina pini 288, na hesabu hiyo kulingana imewaponza wengi, kwani mkato wa katikati uko mahali tofauti na umeme wake pia ni tofauti: volti 1.2 kwa DDR4, 1.1 kwa DDR5. Mkato usipokutana na kizuizi cha sloti, usisukume zaidi. Hakuna nguvu ya mkono itakayoigeuza DDR4 kuwa DDR5, na sloti iliyopasuka ni jambo tutakalolirudia hapo chini. Halafu kuna RAM za seva zenye kidhibiti chake, zinazouzwa kwa bei ya kuvutia zikishatumika. Zile za DDR4 huingia vizuri kabisa katika mazabodi ya kawaida na haziwashi kitu.

Inapokuja DDR5, tunaomba subira, na tunaiomba kwa msisitizo. Mara ya kwanza baada ya RAM kubadilishwa, mashine hujipima na kujipanga na vipande vipya kabla ya kuonyesha chochote. Feni zinazunguka, taa zinawaka, skrini giza. Kazi hiyo huweza kuchukua dakika kadhaa, na kadiri GB zinavyozidi ndivyo inavyorefuka. Mteja asiyejua hukata umeme baada ya dakika moja, akawasha, akakata tena, na kila mara kazi inaanza upya. Kisha anatuletea mashine, tunaiwasha, tunaiacha juu ya meza tukishughulikia foleni, nayo inawaka yenyewe. Iache robo saa kamili. Ikiwa mazabodi ina taa ndogo za uchunguzi na ile ya DRAM (yaani RAM) ndiyo imewaka, hiyo ni ishara kwamba bado iko kwenye RAM. Haithibitishi kwamba RAM ni mbovu. Mashine zinazotoa milio badala ya taa, maana ya milio hiyo hutofautiana kwa mtengenezaji. Tafadhali msitumie orodha ya mashine nyingine.

Muda huo ukipita bila dalili, jaribu kipande kimoja kimoja katika sloti inayopendekezwa na mwongozo. Kisha rudisha mipangilio ya kiwandani ya BIOS (programu ya mazabodi inayoiwasha mashine), kwa jampa yake (pini ndogo za kuunganisha) au kwa kutoa betri ndogo ya CR2032 kwa dakika chache, umeme ukiwa umechomolewa. Hatua hii hufuta pia mpangilio wa kasi ya juu ya RAM uitwao XMP au EXPO, ambao mara nyingi ndio uliokuwa unaizuia mashine. Na hapa tunawajibu wanaolalamika kwamba wameuziwa kasi ya 6000 na kompyuta inaonyesha 4800: kasi iliyochapishwa kwenye boksi hupatikana kwa kuwasha mpangilio huo, na si kila prosesa na mazabodi huihimili, hasa vipande vikiwa vinne. Hamjaibiwa.

Tahadhari moja isiyopaswa kurukwa. Diski ikiwa imefungwa kwa BitLocker (kinga ya Windows inayosimba data ya diski), kubadili mipangilio ya BIOS kunaweza kuifanya Windows idai ufunguo wa uokoaji wenye tarakimu 48. Uwe nao, umeandikwa mahali pasipo kompyuta hiyohiyo, kabla ya kugusa betri. Kitengo hakina ufunguo wa mteja yeyote na hakina njia ya kuutengeneza.

Endapo hayo yote hayakusaidia, utaratibu wa kupokea mashine ni huu. Ilete pamoja na RAM ya zamani, RAM mpya, risiti ya kila kimoja na chaja ikiwa ni laptopu. Namba ya utambulisho wa mashine ilingane na ya risiti. Stika ikiwa imebanduka, mapokezi yatasimama mpaka umiliki uthibitishwe kwa njia nyingine. Fomu ina visanduku vinne: haionyeshi dalili yoyote ya umeme, inawaka skrini ikiwa giza, inaonyesha nembo na kukwama, inafika kwenye Windows na kujizima. Weka alama kwenye kimoja. Kuandika "haiwaki" pembeni kunamrudisha fundi mwanzo. Sahihi ya chini inakiri kwamba umehifadhi nakala ya data zako. Kutia sahihi bila kuhifadhi ni uamuzi wako, na madai ya data iliyopotea hayatapokelewa baadaye.

Kuongeza RAM peke yake hakuondoi waranti kwetu. Kinachoiondoa ni madhara: sloti iliyopasuka, pini za soketi zilizopinda, alama za kuungua, au mguso wa dhahabu uliokwanguliwa kwa msasa. Ndiyo, msasa. Uchafu wa mguso hupanguswa kwa kitambaa laini na spiriti safi, ukaachwa ukauke. Fundi akikuta madhara, anapiga picha kabla ya kuendelea, mteja anaitwa na kuonyeshwa, na kazi inahamishiwa kwenye matengenezo ya malipo kwa ridhaa yake ya maandishi. Asiporidhia, mashine hurudishwa ilivyo na ada ya ukaguzi hulipwa. Ada hiyo hulipwa pia pale hitilafu isipoonekana, au ikiwa ni kipande kilichoning'inia tu. Kwa mashine ya mwajiri, tunahitaji barua ya ofisi yake. Bila barua hatufungui, hata kwa anayesema ndiye mkuu wa idara.

Mashine iliyowaka lakini inakwama ovyo au kuonyesha skrini ya buluu, ipime kwa MemTest86 (programu ya kupima RAM) kutoka kwenye flashi, XMP au EXPO ikiwa imezimwa kwanza, angalau mzunguko mmoja kamili. Kosa likitokea kasi ikiwa ya kawaida, rudia kwa kipande kimoja kimoja ili kujua ni kipi, au kama tatizo liko kwenye sloti. Piga picha ya matokeo uambatishe kwenye fomu. Na RAM ikiwa iliuzwa kwa seti ya vipande viwili, lete vyote hata kama kibovu ni kimoja, kwa kuwa seti hubadilishwa kama seti.