Landrova yenye taa kwenye madigadi sio lazima iwe Series III
Watu wengi bado wanaamini Landrova ya zamani ikiwa na taa kubwa kwenye madigadi basi ni Series III, zikiwa katikati kwenye grili ni Series II. Sio hivyo jamani. Series III ilianza 1971, ila taa zilishahamia pembeni mwishoni mwa miaka ya 60 wakati bado inatengenezwa Series IIA (toleo la II lililotangulia III), tena madigadi yanafungwa kwa bolti tu, fundi anabadilisha. Chungulia ndani: mita zikiwa katikati kwenye dashibodi ya chuma ni II au IIA, zikiwa mbele ya dereva kwenye plastiki ni III. Mwamuzi mkubwa lakini ni namba ya chesisi, mfano ikianza na 242 hiyo ni IIA fupi ya petroli, usukani kulia, iliyotengenezwa Uingereza kwa ajili ya kuuzwa nje.