Rede inavyomjenga mtoto, kuanzia kifundo cha mguu

Mama mmoja aliniletea binti yake wa miaka tisa. "Dokta, huyu anaangukaanguka ovyo, na wenzake wakikimbia yeye anabaki nyuma." Nikapima misuli, nikapima viungo, vyote vizima. Nikamwambia binti asimame kwa mguu mmoja. Sijafika tano, ameshashika meza. Nikamuuliza jioni huwa anacheza nini. Akamtazama mama yake kwanza, kisha akasema, "Naangalia katuni."

Kazi yangu ni tiba ya viungo kwa watoto hapa Dar es Salaam, na dawa niliyompa binti yule ni mchezo wa rede.

Sheria zake hutofautiana mtaa kwa mtaa, lakini nyingi zinafanana: wawili wanarusha mpira huku na huku, wa katikati anakwepa, na chupa yake iko chini ikisubiri kujazwa mchanga. Mpira ukipita mbali, anachuchumaa upesi anazoa mchanga kwa viganja. Mwangalie miguu. Anakwenda kiubavu, anaruka mpira wa chini, anainamia wa kichwani, anageuka ghafla maana sasa mpira unatoka mgongoni. Kila anapogeuka, misuli inayoshika kifundo cha mguu inajifunza kumzuia asianguke, na hilo ndilo binti yule alilopungukiwa. Kukimbia mbele moja kwa moja hakulifundishi vizuri. Kule kuchuchumaa na kuinuka nako ni zoezi lilelile ninalowapa watu wazima wenye magoti dhaifu, ila mtoto hahesabu mara ngapi. Anawaza chupa ijae.

Wazazi huniuliza, "Sasa akipigwa na mpira si anatoka na kukaa pembeni?" Akae. Mtoto ambaye hajabalehe mwili wake umezoea nguvu za vipindi vifupi, na pumzi humrudia haraka kuliko sisi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linataka watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa angalau dakika 60 za kuushughulisha mwili kila siku, kwa kiwango cha kati hadi cha nguvu, na angalau siku 3 kwa wiki iwemo shughuli ya nguvu hasa, pamoja na ile inayoimarisha misuli na mifupa. Si lazima dakika hizo ziwe za mfululizo. Kipimo chake hakihitaji mashine: mtoto akiweza kuongea ila kuimba kunamshinda, yuko kwenye kiwango cha kati. Akitoa maneno mawili matatu tu kisha avute pumzi, hapo ni nguvu hasa.

Jambo linaloniuma ni mifupa. Mfupa huimarika unapopokea kishindo cha kuruka na kutua, na miaka ya kubalehe ndiyo unapojijenga kwa kasi kubwa. Ni miaka hiyohiyo ambapo msichana anaambiwa "umeshakuwa mkubwa, acha kurukaruka." Muacheni aruke. Na wavulana waingie pia. Kombolela, ule mchezo wa kujificha na kutafutana, inawapa mbio, lakini ile kazi ya kukwepa na kuchuchumaa iko kwenye rede.

Nyumbani kwa yule binti tulikwama padogo tu: uwanja wote umewekwa pevingi, mchanga hakuna. Mama akanunua kiroba kimoja, akakimwaga kwenye kona. Mpira wakashona wa soksi kuukuu iliyojazwa vitambaa, maana mpira mgumu ukimpata mtoto usoni ni balaa. Wakaanza saa kumi na moja jua likipungua, yeye, kaka yake na watoto wa jirani, maji ya kunywa yakiwa karibu.

Baada ya miezi miwili alirudi kliniki. Alisimama kwa mguu mmoja, nikahesabu hadi thelathini nikaacha mwenyewe. Mama akasema kazi aliyobaki nayo ni kumwita ndani magharibi ikiingia, na kwamba ule mchanga umeshapungua nusu.