Nyumba Ichorwe Ingali na Watu

Mwenye nyumba anapofika ofisini kwetu Lamu kuulizia utaratibu wa kubomoa, swali letu la kwanza kwake ni hili: nani bado analala humo? Wengi hushangaa, kwa maana walitarajia kuulizwa kuhusu nyufa, boriti zilizooza au hati ya umiliki. Hayo pia tutayafikia. Lakini kumbukumbu ya nyumba, yaani michoro, picha na sauti, iliyochukuliwa watu wakiwa ndani haifanani kabisa na ile iliyochukuliwa baada ya mikeka kukunjwa na milango kung'olewa, na muda wa kupata ile ya kwanza huwa mfupi mno.

Nyumba ya mawe ya Lamu hujengwa kwa matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Kwa kuwa boriti haibebi dari vizuri ikizidi urefu wa mita 3 hivi, vyumba vya nyumba hizi huwa vyembamba na virefu, mtaa hadi mtaa. Fundi atakayezipima kwa futi, hata awe makini namna gani, atarudi na vipimo vinavyokaribiana. Vipimo hivyo ni vya lazima na hatuvidharau, ila havisemi kwa nini wa nyumba hii walipenda kuketi kiwandani, yaani uani, na wa nyumba ya pili msanani, ule ukumbi mrefu unaoelekea kiwanda. Hapo ndipo tunapomhitaji mchoraji, mpiga picha au mtu wa kunasa sauti. Mchoraji akiketi mbele ya daka moja, yaani kiingilio cha nyumba chenye baraza pande mbili, tangu alasiri hadi magharibi, ataona kwamba ukingo wa baraza ya upande mmoja umelika na kung'aa kwa miaka ya kuketiwa, na wa upande wa pili bado una ncha zake, kwa sababu upande huo hupigwa na jua saa ambayo watu hutoka msikitini. Futi haioni hilo. Anayechora huliona kwa kuwa amelazimika kuutazama ukingo ule kwa saa tatu.

Kazi hii ina mifano mikubwa ughaibuni. Mjini London palikuwa na mtaa wa nyumba za kupanga ulioitwa Robin Hood Gardens, uliobuniwa na wasanifu mke na mume, Alison na Peter Smithson, na kukamilika mwaka 1972. Ulikuwa na nyumba zaidi ya 200 katika majengo mawili marefu, na mbele ya milango yake zilipita varanda pana zilizokusudiwa kuwa vichochoro vya juu, watu wapitane na kuamkiana. Msomaji wa Lamu atafikiria wikio, chumba kinachovuka juu ya kichochoro na kuunganisha nyumba mbili, ambamo wanawake walipita kwa jirani bila kushuka chini. Ubomoaji wa jengo la magharibi ulianza mwaka 2017. Makumbusho ya Victoria and Albert yalichukua kipande cha jengo chenye ghorofa tatu, yakamwagiza pia msanii wa Korea Kusini, Do Ho Suh, atengeneze filamu. Kamera yake inapita polepole kutoka nyumba hadi nyumba, na mtazamaji anaona jinsi vyumba vya muundo mmoja vilivyogeuzwa na waliokaa humo kuwa makazi yasiyofanana. Kwa maoni yangu, filamu ile ina thamani kuliko kile kipande cha zege, kwa kuwa zege lingeweza kuchorwa upya kutoka kwenye ramani za wasanifu, ilhali namna mtu alivyopanga viti vyake haikuwa kwenye ramani yoyote.

Katika mji huohuo, mwaka 1993, Rachel Whiteread alijaza zege ndani ya nyumba moja ya safu iliyokuwa ikibomolewa, kisha kuta za nje zikaondolewa. Kilichobaki kimesimama ni ule uwazi wa vyumba uliogeuka kuwa kitu kigumu, na mahali pa kuwashia moto, palipokuwa tundu, pakawa pametokeza nje. Sisi tuliozoea zidaka, vile vishubaka vya ukutani, twaweza kuuwazia ukuta huo bila shida. Sanamu yenyewe ilibomolewa Januari 1994.

Hapa Kenya mitaa ya Buxton mjini Mombasa na Pangani mjini Nairobi imebomolewa katika miaka ya hivi karibuni kupisha maghorofa. Mji Mkongwe wa Lamu una kinga ya sheria tangu mwaka 1986 na umo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2001, kwa hiyo nyumba kubwa za mtaa wake wa Mkomani zimepimwa na kuchorwa mara nyingi. Wasiwasi wangu uko kwenye nyumba za udongo na makuti za mitaa kama Gadeni, ambazo hubomolewa na kujengwa upya kwa matofali ya saruji bila hata mchoro mmoja kuachwa. Wenyewe huona haya kusema kwamba nyumba ya babu yao yastahili kuchorwa. Yastahili.

Kazi hii ina adabu zake. Ndani, chumba cha faragha kilicho nyuma ya misana, ni ndani. Chumba hicho kichorwe na mwanamke, kwa idhini ya wenye nyumba, na nguo zilizoanikwa au picha za marehemu zisipigwe bila kuuliza. Idhini ya kupiga picha isichukuliwe kuwa idhini ya kubomoa, wala msanii asikubali kutumiwa kuwatuliza wapangaji ambao hawajaambiwa watahamia wapi. Nakala nazo zirudi. Niliwahi kuwapeleka wageni katika nyumba moja, wakapiga picha kwa siku mbili, wakaondoka. Nyumba ilipovunjwa, bibi wa pale aliniomba picha ya msana wake, nami sikuwa na hata moja ya kumpa. Tangu siku hiyo simpeleki mtu kabla hatujaandikiana ni lini nakala zitamfikia mwenye nyumba.

Ikiwa nyumba yenu itavunjwa wiki ijayo na hakuna msanii karibu, simu ya mkononi yatosha kuanzia. Simama mlangoni mwa kila chumba upige picha ya kila ukuta, kisha rudi wakati mwingine wa siku, mwanga ukiwa umehama. Mketishe mzee wa nyumba mahali alipozoea kuketi, umrekodi akieleza nani alilala wapi na nani alizaliwa chumba kipi, na usimkatize hata akienda mbali. Kisha andika kwenye kila picha tarehe na jina la chumba kama wao wanavyokiita, hata kama wataalamu wanakiita vingine.