Kabla hujaingia kwenye kikao chako cha kwanza cha AA

"Mama, nimefika. Lakini naona gari la mtu ninayemjua."

Simu hiyo niliipokea jioni moja ya mvua. Aliyepiga alikuwa amesimama ng'ambo ya barabara, analitazama lango la ukumbi, na alikuwa ameshalipita mara tatu. Nikamwuliza: huyo unayemjua, unadhani amefuata nini humo ndani? Akanyamaza. Halafu nikasikia honi, nikajua anavuka.

Mimi ni mshauri nasaha wa watu wenye uraibu wa pombe hapa Mombasa. Wengi wanaokuja kwangu wameshasikia habari za AA (Alcoholics Anonymous), vikundi vya walevi wanaosaidiana kuacha pombe. Kinachowashinda ni ile barabara.

Kupata kikao si kugumu. Ukiwa Kenya, piga 1192, simu ya bure ya NACADA, mamlaka ya serikali inayopambana na ulevi na dawa za kulevya, uulize vikundi vya karibu nawe. Waulize pia wahudumu wa kitengo cha afya ya akili katika hospitali kubwa yoyote, maana wao hujua nani anakutana wapi. Ukiwa mahali pasipo na kikundi, kuna vikao vya mtandaoni, na huko kamera si lazima uiwashe.

Ila ukishapata anwani, usiende hivi hivi. Piga simu kwanza, uhakikishe bado wanakutana, siku gani, na mlango upi. Nasisitiza hili kwa sababu ratiba za vikundi hubadilika, na mtu aliyejikusanya wiki nzima mpaka akapata moyo wa kwenda, akikuta kufuli, mara nyingi njia ya kurudi humpitisha baa. Uliza pia kama mkutano ni wa wazi au wa wenyewe tu. Wa wazi hukaribisha yeyote, hata mkeo au ndugu yako akitaka kukusindikiza. Wa wenyewe ni kwa wanaotaka kuacha pombe, basi.

Na hilo la kutaka kuacha ndilo sharti pekee. Huandikishwi, hutozwi ada, hudaiwi kitambulisho. Kofia au kikapu hupitishwa ili kulipia ukumbi na chai. Mgeni akikipitisha bila kutia kitu, hakuna anayemwangalia.

Ndani utakuta viti vya plastiki na chupa ya chai. Mtu husema jina lake la kwanza tu, kisha anaeleza pombe ilimfanya nini na leo anaishije. Wengine husikiliza. Hakuna anayemkata kauli wala kumhubiria. Zamu ikikufikia, sema "leo nasikiliza tu," na itapita kwa amani. Wahenga walisema mficha uchi hazai, nami naamini hivyo, lakini hakuna aliyesema uvue siku ya kwanza.

Waislamu huniuliza sana kuhusu kumbi za makanisa. Hapa pwani aibu ya mlevi Mwislamu ni mara mbili, na kuonekana akiingia uani mwa kanisa huiongeza. Ninawajibu kwamba kikundi hukodi chumba tu. AA ilianza mwaka 1935 huko Akron, Marekani, na ndiyo, Hatua zake 12, yaani mwongozo wake wa kuacha pombe, zinamtaja Mungu, ila zinasema Mungu kama kila mmoja anavyomwelewa. Nimewaona wanaoswali Magharibi kisha wakaenda kikaoni moja kwa moja.

Chagua kikao cha saa ulizozoea kunywa. Sheria yetu ya mwaka 2010 iliruhusu baa kufunguliwa saa 11 jioni siku za kazi, na wateja wangu wengi mwili huanza kudai saa hiyo hiyo. Kikao cha Jumamosi asubuhi ni kizuri, lakini Jumatano jioni ndiyo inayouma.

Jambo moja lisingoje kikao. Kama asubuhi huwezi kushika kitu mpaka utoe loki, yaani unywe pombe kidogo kwanza ili mwili utulie, usiache pombe ghafla ukiwa peke yako nyumbani. Degedege linaweza kuja ndani ya siku mbili za kwanza, na baada yake kuchanganyikiwa kunakoweza kuua. Nenda hospitali kwanza upewe dawa na vitamini B1, kikundi kifuate. Na kikundi kinasaidia kweli: mapitio ya mwaka 2020 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wanaopima tiba, yaliyokusanya tafiti 27 zenye washiriki zaidi ya 10,000, yaliona kwamba matibabu yanayomwingiza mtu kwenye AA huwaweka wengi zaidi mbali na pombe kabisa kuliko tiba nyingine zilizolinganishwa nayo.

Nenda vikao kadhaa kabla hujaamua, na kikundi kimoja kisipokukaa, jaribu kingine. Usiondoke bila namba ya simu ya mtu mmoja wa jinsia yako aliyeacha muda mrefu. Namba hiyo inapigwa kabla ya glasi.

Yule wa mvua alirudi wiki iliyofuata. Daktari alikuwa ameshamwona, lakini mikono ilikuwa bado inamtetemeka kidogo. Nilimwuliza kilichomrudisha, nikitegemea kusikia habari za Hatua 12. Akasema mzee aliyekaa kando yake alimmiminia chai nusu kikombe tu, bila kuambiwa, akamsukumia kikombe hicho karibu, kisha akageuka kumsikiliza aliyekuwa akizungumza.