Sipendi michezo, ila mechi hii nimeisoma mara nne

Ninakaa Kamalondo, hapa Lubumbashi, Kongo, karibu na uwanja wa klabu ya kandanda ya Mazembe, na siku ya mechi dhidi ya wapinzani wao wa mjini, Lupopo, nafunga dirisha, nachora. Utotoni kazi yangu kiwanjani ilikuwa kulinda viatu vya wanaocheza. Hata mwaka 2010, Mazembe ilipoifunga Internacional ya Brazil 2–0 kule Abu Dhabi na kuingia fainali ya Kombe la Dunia la Klabu, mabao yalinipita. Nilichobaki nacho ni kipa Kidiaba akirukaruka kwa makalio. Hilo ningeweza kulichora.

Kwa hiyo mdogo wangu aliponikuta usiku na juzuu ya mwisho ya Slam Dunk, manga (katuni ya Kijapani) ya mpira wa kikapu, mikononi, macho yamelowa, alicheka sana, akiniita Yaya, yaani mkubwa wake: "Yaya, ni weye njo unalia juu ya basket?"

Nachora bede, yaani hadithi za katuni, na kufundisha wanaoanza, basi nijitetee kwa lugha ya kazi yangu.

Takehiko Inoue aliichora Slam Dunk toka 1990 hadi 1996, juzuu 31, sura moja kila wiki gazetini. Shujaa wake, Sakuragi, anaingia timu ya basketi kwa sababu ya msichana. Mchezo wenyewe haujui kabisa. Hapo ndipo nilipokamatwa: kila kanuni inabidi aelezwe yeye, na mimi naelezwa pamoja naye, bila kuaibishwa.

Lakini kilichonifanya nirudi mara nne ni saa. Ukiwa jukwaani, pasi imekwisha kabla hujajua kwa nini imetolewa. Kwenye ukurasa, sekunde ni mali ya mchoraji. Mechi ya mwisho, ya Shohoku, timu ya Sakuragi, dhidi ya Sannoh, ni ya dakika 40, na Inoue anaitandaza juzuu zaidi ya tano. Kisanduku kirefu kinapunguza mwendo, vyembamba vilivyobanana vinauongeza. Manga husomwa kutoka kulia kwenda kushoto, kwa hiyo kisanduku cha mwisho kiko chini kushoto, pale unapofungua ukurasa. Mchoraji mjanja anaficha hapo mkono ulioinuliwa, na mpira unaukuta upande wa pili.

Sasa tazama sekunde za mwisho. Maneno yanakauka. Milio ya mpira na viatu, iliyojaa kurasa zote za nyuma, inapotea nayo. Rukawa, mwenzake Sakuragi wa timu moja ambaye hawapatani tangu siku ya kwanza, anashika mpira na njia imezibwa. Sakuragi amesimama peke yake, mikono tayari, akijikumbusha somo la wanaoanza: mkono wa kushoto ni wa kuegemeza mpira tu. Hilo ndilo alilolifanyia mazoezi kwa kurusha mara 20,000 kwa wiki moja. Rukawa anampa. Shohoku inashinda 79–78, halafu hao wawili wanapigana viganja kwa nguvu, kurasa mbili nzima zinazotazamana. Nimeupima ule mchoro kwa rula. Bado sielewi mikono miwili inabebaje chuki yote ile.

Si kila manga ya michezo inanifanyia hivyo. Tsubasa, ile ya kandanda tuliyoiangalia kwenye televisheni kwa Kifaransa ikiitwa Olive et Tom, inanichosha: kiwanja hakina mwisho, mtoto anakimbia, anakimbia, na mimi nabaki na mpira tu. Nisamehewe na wote waliokulia nayo.

Darasani natoa zoezi moja: chora mruko mmoja kwa visanduku sita. Karibu wote wananiletea miguu, mpira, pete, miguu tena. Ninawarudishia na kuwaambia wachore uso wa yule anayengoja pasi na hajui kama ataipata. Hapo wanashika kifutio.

Jumapili mdogo wangu alirudi kutoka uwanjani, sauti imekauka kwa kelele, jezi nyeusi na nyeupe imemganda mwilini. Nikamuuliza: "Yule aliyetoa pasi ya bao, kabla ya kuitoa alikuwa anaangalia wapi?"

Akanitazama kitambo.

"Yaya," akasema, "tulishinda."